Baruti, mizani na kitabu: nani alipima?

Wadau, leo tunaingia kwenye mada ambayo nadhani wengi wenu hamkuitegemea hapa: watu wanaojaza risasi wenyewe nyumbani. Msiogope, simfundishi mtu kutengeneza risasi, na vipimo vya kufuata hamtavikuta humu. Kilichonivuta ni historia ya namba. Kuna vitabu, na vimechapishwa kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, ambavyo kazi yake ni kumwambia mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza: kwa ganda hili, kichwa hiki na baruti hii, weka kiasi hiki. Msomaji anaamini, anapima, anaiweka bunduki begani, jicho lake likiwa kiganja kimoja tu kutoka mahali moto unapowaka, anavuta. Sijaona kitabu kingine cha majedwali ambacho kosa lake linamrudia msomaji haraka namna hiyo.

Sasa swali ni hili: huyo anayeanza, akifungua kitabu na kukuta namba, anaweza kuiamini? Jibu la haraka ni ndiyo. Jibu la kweli linahitaji tujue namba hiyo ilitoka wapi, na hapo ndipo pana hadithi.

Kwanza tuelewane maneno, maana Kiswahili chetu hapa kinachanganya kidogo. Tukisema "risasi" tunaweza kumaanisha madini, au kile kipande kinachoruka, au kitu kizima unachokitia kwenye bunduki. Kitu kizima kina sehemu nne: ganda, fataki nyuma yake, baruti ndani, kichwa mbele. Ukishafyatua, ganda linabaki, na mara nyingi ndilo ghali kuliko hivyo vingine. Kwa hiyo Marekani hasa, na nchi nyingine pia, watu wanaokota maganda yao, wanabadilisha fataki, wanatia baruti na kichwa kipya, maisha yanaendelea. Wengine wanafanya hivyo kwa sababu ya bei, wengine utundu tu. Baruti wanaipima kwa greni, kipimo cha kizamani cha Waingereza: greni 7,000 zinaingia kwenye ratili moja, yaani kama 15.4 kwenye gramu moja. Greni mbili tatu ni vumbi la kufuta kwa kidole. Kumbukeni hilo tunapoendelea.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Mwaka 1873 jeshi la Marekani lilipokea risasi iliyoitwa .45-70. Hebu litazameni jina. Kipenyo ni sehemu 45 kati ya mia za inchi, na baruti ni greni 70. Jina lenyewe ndilo jedwali! Hakuna kitabu cha kununua. Iliwezekana hivyo kwa sababu baruti ilikuwa moja, baruti nyeusi, ile ile ya magobore ya babu zetu: shura, mkaa na salfa. Baruti nyeusi ina adabu fulani. Unajaza ganda, unaweka kichwa, basi. Ganda likijaa limejaa, na ukiwa na bunduki nzima ni vigumu kujidhuru kwa kuzidisha, kwa sababu nafasi ya kuzidisha haipo. Ubaya wake ni moshi. Waliopigana Tanga Novemba 1914 walilijua hilo: makampuni mengi ya askari wa Kijerumani hapa kwetu yalikuwa bado yamebeba Mauser za muundo wa 1871 zinazotumia baruti nyeusi, na kila mlio ulitoa wingu jeupe la kumwonyesha adui ulipojificha.

Baruti isiyo na moshi ilikuwa imeshavumbuliwa miaka 30 kabla ya hapo. Mfaransa Paul Vieille aliikamilisha mwaka 1884. Alfred Nobel, yule yule wa tuzo, akatoa yake mwaka 1887 akaiita Ballistite. Mwaka 1889 Waingereza Frederick Abel na James Dewar wakatoa Cordite, ambayo ilifanana na ya Nobel kiasi kwamba kesi ilifika mpaka kwenye mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. (Nobel alishindwa. Hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Hapa ndipo matatizo ya namba yalipoanza. Baruti mpya ina nguvu mara kadhaa kwa uzito ule ule, na ina tabia moja mbaya: kadiri presha inavyopanda ndani ya ganda, ndivyo inavyozidi kuwaka haraka, na kadiri inavyowaka haraka ndivyo presha inavyopanda. Inajichochea yenyewe. Kwa hiyo ukiongeza kidogo huku juu, presha haiongezeki kidogo. Inaruka. Na tofauti na baruti nyeusi, kiasi kinachotosha hakijazi ganda, kwa hiyo macho hayakusaidii tena. Watu waliozoea kupima kwa kikombe wakachukua kikombe kile kile wakachota baruti mpya. Mengine mnaweza kuyakisia wenyewe.

Watengenezaji waliliona tatizo wakajaribu kulikwepa kwa njia ya ajabu. Walitengeneza baruti isiyo na moshi iliyochanganywa na kuumuliwa ili ichukue nafasi sawa na baruti nyeusi, kusudi kikombe cha zamani kiendelee kutumika. Lakini wengine wakati huo huo waliuza baruti nzito, ambayo kikombe hicho hicho kingeugeuza mtutu kuwa bomu. Makopo mawili, duka moja, yote yameandikwa "haina moshi". Na mabaki ya enzi hiyo yapo mpaka leo. Chukueni boksi la risasi za shotgani za Kimarekani: nyingi bado zimeandikwa kipimo cha "dramu sawa", maana yake risasi hii inakwenda kasi sawa na ile ambayo ingejazwa dramu kadhaa za baruti nyeusi. Hakuna dramu yoyote ndani ya boksi hilo. Ni ulinganisho tu, wa baruti ambayo mnunuzi hajawahi kuiona. Anayeanza akiisoma hiyo kama maelekezo ya kipimo, atajiumiza vibaya.

Basi vitabu vikawa vya lazima. Kampuni ya Ideal ya John Barlow, iliyoanzishwa mwaka 1884 kule Connecticut kwa kuuza vifaa vya kujazia, ilikuwa ikitoa kijitabu chake cha maelekezo, na Lyman walipoinunua mwaka 1925 waliendelea nacho. Mwaka 1937 Philip Sharpe akatoa bonge la kitabu juu ya ujazaji. Lakini tuulize swali letu la kiandishi: chanzo chao kilikuwa nini? Nani alipima, na kwa kifaa gani?

Kifaa kilikuwepo. Mwingereza Andrew Noble alikitengeneza miaka ya 1860. Unatoboa tundu kwenye chemba ya bunduki ya majaribio, unaweka pistoni, juu ya pistoni unaweka kipande kidogo cha shaba. Unafyatua. Presha inasukuma pistoni, pistoni inaiponda shaba, unapima shaba imefupika kiasi gani, unaangalia kwenye jedwali, unapata namba. Rahisi na ya akili sana. Tatizo ni kwamba shaba inachelewa. Presha ya bunduki inapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na shaba haiwahi kukishika kilele chake. Na kwa miongo mingi namba hiyo ya shaba iliyopondwa ilichapishwa kana kwamba ni ratili halisi kwa inchi ya mraba.

Halafu kifaa chenyewe kilikuwa cha viwanda. Mwandishi wa kitabu au wa gazeti la wawindaji, aliyekaa na mizani na bunduki yake, hakuwa nacho. Alifanya nini? Alisoma dalili. Fataki imebanduka bapa? Ganda linagoma kutoka? Basi tumefika juu, rudi kidogo. Namba nyingi zilizochapishwa na kunakiliwa zilitokana na dalili hizo, na dalili hizo ni kama kumshika mgonjwa paji la uso na kusema homa yake ni 38.4. Fataki laini hubanduka mapema, fataki ngumu huficha mpaka mambo yameharibika. Bunduki moja yenye chuma kizuri huvumilia kile kitakachoipasua nyingine. Hawa waandishi hawakuwa waongo. Walisema walichokiona kwenye bunduki yao. Ni msomaji aliyedhani wanazungumzia ya kwake.

Sasa twende Afrika, maana hapa ndipo namba za Ulaya na Marekani zilipokutana na jua letu.

Baruti ina joto lake ililopimiwa. Maabara za viwanda hupima risasi zikiwa kwenye nyuzi kama 21 za Selsiasi. Cordite ilikuwa nyepesi sana kuathirika na joto: ikipata moto wa jua presha inapanda. Risasi iliyo salama kabisa kwenye baridi ya Uingereza, ikikaa kutwa kwenye jua la Tsavo, ni risasi nyingine. Inawezekana bunduki isipasuke. Lakini ganda linavimba na kung'ang'ania kwenye chemba, na wewe uko mbele ya tembo aliyejeruhiwa huku unavutana na ganda. Ndiyo maana viwanda vya Uingereza vilikuwa vikitengeneza risasi zenye kiasi kilichopunguzwa kwa ajili ya India na Afrika, na bunduki zao kubwa za mitutu miwili zilipewa maganda marefu mno, ambayo kwa macho yanaonekana upuuzi mtupu. Nafasi ile ndiyo iliyokuwa ikishusha presha. Somo lilikuwa limeshajulikana kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Likaja kusahauliwa mwaka 1956. Mwaka huo kampuni ya Winchester ya Marekani ilileta risasi ya .458 Winchester Magnum, pamoja na bunduki ya Model 70 waliyoipa jina la African. Kwa haki kabisa niseme ilikuwa hatua kubwa. Bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili ilikuwa ya matajiri, hii ya Winchester iliuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na wawindaji na idara za wanyamapori barani Afrika wakaipokea. Ahadi yake ilikuwa kufanya kazi ile ile ya .450 ya Waingereza, kichwa cha greni 500 kwa kasi ya futi 2,130 kwa sekunde, lakini kwa ganda fupi la inchi 2.5 badala ya lile la inchi 3.25.

Fikirieni hesabu hiyo kidogo. Kasi karibu ile ile, nafasi ndogo zaidi. Ili baruti itoshe ilibidi ishindiliwe. Na baruti iliyoshindiliwa, ikakaa miezi au miaka kwenye joto, ilianza kushikana kama sukari kwenye kopo lisilofunikwa vizuri. Fataki ikiwaka, tonge lile haliwaki lote. Malalamiko yakaanza kuja kutoka porini: risasi zinalia vibaya, vichwa haviingii kama ilivyotarajiwa. Baadaye, vifaa vya kupimia kasi vilipokuwa rahisi kununuliwa na mtu wa kawaida, watu wakapima wakakuta risasi za dukani zinakwenda chini ya futi 2,000, tena nyingine chini sana. Mwandishi wa bunduki wa Kimarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati kule Msumbiji mwaka 1959, akaja kutengeneza ganda refu zaidi, .458 Lott, mwaka 1971. Namba ya matangazo nayo ikateremshwa kimya kimya, ikaja kuwa 2,040.

Mimi hapa natofautisha mambo mawili ambayo vijiwe vya wawindaji huyachanganya. Namba ya kasi kwenye tangazo ni ya biashara, ina mvuto, kila kampuni inataka iwe kubwa. Namba ya kiasi cha baruti kwenye kitabu ni ya usalama, na aliyeichapisha atashitakiwa ikimuua mtu. Ya pili ni ya kuaminika kuliko ya kwanza, tena kwa mbali. Lakini zinakaa ukurasa mmoja, zinafuatana safu kwa safu, na anayeanza huziona zina heshima sawa. Kibaya zaidi, asipoipata ile kasi iliyoandikwa, anaamua kwamba amepungukiwa baruti. Anaongeza. Hajui kwamba mtutu wa maabara ulikuwa wa inchi 24 au 26 na wake ni wa 20.

Tukirudi Marekani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia ujazaji wa nyumbani ulilipuka (samahani kwa neno hilo). Askari walirudi, serikali ilikuwa na baruti ya ziada kwenye maghala, na Bruce Hodgdon wa Kansas akaanza kuinunua na kuiuza kwa bei ya kutupa. Hapo kukawa na jambo jingine ambalo jedwali haliwezi kulionyesha. Kiwanda cha risasi kinapopokea shehena ya baruti hakifuati kitabu: kinaipima shehena hiyo yenyewe, maana kila pishi la baruti linatofautiana kidogo, kisha kinarekebisha kiasi. Mjazaji wa nyumbani hana maabara. Kwa hiyo baruti anayouziwa kwenye kopo inabidi ichanganywe kiwandani mpaka ifanane na ile iliyotumika kwenye kitabu. Baruti ya ghala la jeshi haikuchanganywa kwa ajili yake.

Kisha kuna lile fumbo la risasi dhaifu. Ganda la .38 Special lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi ya baruti nyeusi, kwa hiyo lina nafasi kubwa. Kiasi kidogo cha baruti ya kisasa, kinachotumika kwenye mashindano ya kulenga shabaha, kinakaa chini kabisa kama chai iliyobaki kwenye kikombe. Bastola zikapasuka mikononi mwa watu walioapa kwamba walifuata kitabu, tena kiasi cha chini! Nadharia zikatoka: baruti kidogo ikilala vibaya inalipuka yote kwa mkupuo. Maelezo ambayo mafundi wengi wanayakubali kwa risasi hizi ndogo hayana uchawi wowote: ganda lenye nafasi hivyo linaweza kumezwa dozi mara mbili bila kumwagika, na mtu anayejaza mia mbili kwa usiku mmoja akiongea na mwenzake hawezi kukumbuka. Namba ya kitabu ilikuwa sahihi. Iliwekwa mara mbili.

Lakini msidhani kwamba kupunguza ni salama siku zote. Ziko baruti za bastola ambazo watengenezaji wenyewe wameonya zisipunguzwe chini ya kilichochapishwa, kwa sababu zikiwa kidogo haziwaki sawasawa na kichwa kinaweza kukwama katikati ya mtutu. Risasi inayofuata inakikuta hapo. Ule ushauri wa jumla wa kuanza chini kwa asilimia kumi ni mzuri, mpaka unapokutana na baruti hizo.

Kuanzia miaka ya 1960 shaba ikaanza kupata mshindani. Kuna fuwele ambazo zikibanwa hutoa chaji ya umeme, na umeme haucheleweshwi kama shaba. Sasa ukaonekana mchoro mzima wa presha, kilele na yote. Namba za zamani na mpya zikawekwa pamoja, na zikakataa kulingana. Taasisi ya viwanda vya Marekani, SAAMI, iliyoundwa mwaka 1926, ina viwango vya aina zote mbili. Kwa .30-06 kiwango cha juu ni 50,000 kwa shaba na 60,000 kwa fuwele. Mtu atasema, basi tuzidishe tu kwa moja nukta mbili. Haya, tazameni .357 Magnum ya mwaka 1935: 45,000 kwa shaba, 35,000 kwa fuwele. Imegeuka kichwa chini! Hakuna fomula ya kubadilisha moja kwenda nyingine kwa risasi zote.

Matokeo yake ni kwamba vitabu vipya, kwa mapishi mengi, vikaja na viwango vidogo kuliko vya zamani, na wazee wa vijiweni wakasema ni woga wa wanasheria. Mawakili wamo, sikatai. Ila ukifikiri kwamba maabara ilipata jicho jipya, likaona vilele ambavyo shaba haikuviona, kupungua kwa namba ndicho kitu ambacho ungekitarajia. Mzee anayejivunia kitabu cha 1970 na vidole vyake kumi ni shahidi wa bunduki yake na baruti ya kopo la mwaka 1970.

Na kuhusu makopo, kuna hili moja. Miongoni mwa baruti za ziada alizouza Hodgdon ilikuwamo moja iliyoitwa 4831, iliyotengenezwa kwa ajili ya mizinga midogo ya milimita 20. Ikapendwa sana, vitabu vikajaa vipimo vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya DuPont ikaleta baruti mpya sokoni ikaiita IMR 4831. Namba ile ile. Lakini hii inawaka haraka kuliko ile ya Hodgdon, kwa hiyo kiwango cha juu cha H4831 kikijazwa kwa IMR 4831 kinavuka mpaka. Vitabu vya kabla ya hapo viliandika "4831" tu, kwa sababu ilikuwa moja. Havikukosea siku vilipochapishwa. Mwaka 2003 kampuni ya Hodgdon iliinunua IMR, na majina yote mawili yakawa chini ya mwenye mali mmoja, kila moja na safu yake kwenye jedwali. Kinachozitenganisha kwa anayeanza ni herufi zilizo mbele ya tarakimu nne.